Koti la yuro 60 na kiwiko changu cha kushoto

Jumamosi asubuhi nilianguka na pikipiki hapa Antwerp, kwenye reli za tramu zilizolowa mvua. Niliburuzika hatua nne, tano. Nilipoinuka nikatazama kiwiko kwanza. Koti limechubuka, weusi umetoka sehemu yenye ukubwa wa kiganja, mshono umeshika. Nikalivua. Mkono mzima, hata mchubuko hauna.

Kiwiko hichohicho kina kovu la kuanguka Pongwe, kwetu Tanga. Tuliokua pamoja Makorora mnalijua, maana ni nyinyi mlionibeba. Shati la mikono mifupi, ndala, lami ya saa nane mchana. Wiki tatu sikulalia ubavu wa kushoto, na mama akinibandua bendeji kwa maji ya vuguvugu huku analia.

Koti hili nililinunua kwa yuro 60 kwa mzee aliyeacha kuendesha. Aliniambia nipande pikipiki yake, nikunje mikono nishike usukani, kisha akaikamata padi ya kiwiko, ile kinga inayokaa mfukoni ndani ya koti, na kujaribu kuizungusha. Haikuzunguka. Akaligeuza koti ndani nje, akanionyesha mshono wa nyuzi mistari miwili, mmoja umefichwa usiguse lami. Mshono ukiachia, akasema, unene wa ngozi hauna kazi.

Sasa nisikilizeni. Mwaka jana nilipokuja likizo, pale Tangamano nilikuta koti la ukoo huohuo kwenye rundo la mitumba. Ngozi nene ya ng'ombe, lebo ya mchoro wa pikipiki ndani, shilingi elfu 35 kabla ya kupatana. Nikabonyeza kiwiko: mfuko mtupu. Kijana muuzaji akanieleza kwa adabu, "Kaka, yale madude tunayatoa, yanafanya koti likae vibaya." Niliumia sana. Kitu kimesafiri kutoka huku hadi Tanga, kimefika salama, halafu tunakitoa roho.

Najua mnachotaka kuandika. Kwamba nimeshakuwa Mzungu, waja leo waondoka leo, nakuja siku kumi na kuwafundisha watu kuishi. Hapana. Huku nako watu hawakuzaliwa na akili hiyo. Tangu 2011 sheria ya Ubelgiji inamtaka mwendesha pikipiki avae glavu, koti la mikono mirefu, suruali ndefu na viatu vinavyofunika vifundo. Na pesa si hoja: elfu 35 nimeiona kwa macho yangu.

Joto? Hilo sibishani nalo. Anayeshinda juani Ngamiani mwezi Desemba anateseka kweli, ingawa yapo makoti ya ngozi yenye vitobo kifuani vya kupitisha hewa. Lakini makoti mnavaa, jamani! Alfajiri njia ya Kange nimewaona, sweta zito, juu yake koti la reksini limegeuzwa, zipu mgongoni. Tunaukinga upepo. Lami hatuikingi, na reksini ikiburuzwa hutoboka palepale.

Kwa hiyo ukipekua rundo, acha kutazama mng'ao. Finya ngozi, ikiwa laini kama ya pochi liache. Vuta mshono wa bega kwa nguvu zote. Lebo ya daraja la kinga ikiandikwa AAA au AA ni za juu, A iko chini yake. Makoti mengi ya zamani hayana lebo hiyo, hapo amini mikono yako. Likubane kidogo, kwa sababu padi inayocheza itahama siku ya siku. Uzi ukiwa umechoka, fundi viatu atakurudishia kwa nailoni.

Mpwa wangu ameanza bodaboda Mikanjuni mwezi huu. Nimemtumia padi nne, mbili za viwiko na mbili za mabega, koti atachagua mwenyewe Tangamano. Jana kanitumia picha: amelipata, rangi ya kahawia, limegeuzwa ndani nje, mistari miwili ya uzi naiona waziwazi. Chini yake kaandika, "Shikamoo mjomba. Na mikono je?"

Glavu zipo kwenye mzigo wa mwezi ujao.