Muuzie mgeni uvuvi, usimuuzie samaki

Matangazo ya boti za kuvulia samaki aitwaye straipa (striped bass) kaskazini mashariki mwa Marekani hayatofautiani sana. Mtu kamshika samaki mkubwa kwa taya, samaki ananing'inia wima, bahari iko nyuma yao. Anayelipia safari kwa kuvutwa na picha hiyo huja gatini na kisanduku cha barafu cha kutosha kulisha mtaa. Tangu 2023 sheria ya pwani ya Atlantiki inamruhusu mvuvi wa burudani samaki mmoja kwa siku, mwenye urefu wa kati ya inchi 28 na 31, yaani sentimita 71 hadi 79 hivi. (Ghuba ya Chesapeake na mto Hudson wana vipimo vyao.) Yule wa kwenye picha ni lazima arudishwe majini. Nahodha asiyeyasema haya siku mgeni anapoweka nafasi ameshaiharibu safari kabla ya kung'oa nanga, hata kama samaki watakula vizuri kiasi gani.

Sheria hii ina sababu. Straipa, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi saba au minane ubavuni, huishi baharini lakini hutaga mayai kwenye maji baridi ya mito, hasa inayoingia Chesapeake, halafu Hudson na Delaware. Majira ya kuchipua wakubwa hupanda kaskazini hadi Massachusetts na Maine, na vuli hurudi kusini. Miaka ya 1980 walipungua mno, hata Maryland ikapiga marufuku kuwavua kuanzia 1985 hadi 1990. Walirudi, lakini tathmini ya 2019 ikasema wamevuliwa kupita kiasi tena. Maryland hukokota juya kila mwaka kuhesabu vitoto vya samaki hao. Wastani wa miaka mingi ni kama 11 kwa mkokoto. Mwaka 2023 walipata 1, na 2024 wakapata 2. Dirisha lile dogo la inchi tatu liliwekwa ili kizazi kikubwa cha 2015 kipite salama. Mgeni akielezwa hivi kwa dakika tatu, kwa kawaida huacha kunung'unika. Huelezwa mara chache.

Nitazungumzia maji ya Boston na visiwa vyake, ambako chambo kikuu mwezi wa Mei na Juni ni kibua hai. Leseni ya kawaida ya nahodha inayotolewa na Walinzi wa Pwani wa Marekani inaruhusu abiria sita wanaolipa. Boti ya futi 24 inawabeba sita bila shida, ila haivui na sita. Kibua hai huogelea anakotaka, boti inaserereka na mkondo, na mishipi sita majini itasokotana tu. Mshipi wa kusuka ukisokotana haufumuki, ni kisu. Pakia wanne, tupa mishipi miwili, mitatu ikizidi sana, na zamu ipangwe gatini kabla mtu hajaona samaki. Ukiiacha zamu ijipange yenyewe, yule mwenye sauti kubwa atavua asubuhi nzima na shemeji yake atakuwa mpiga picha.

Ratiba ifuate maji, isifuate saa ya chai. Boston maji hupanda na kushuka kama mita tatu, na wakati wa bamvua huzidi. Straipa hukaa nyuma ya miamba akisubiri mkondo umletee chakula, kwa hiyo maji yakisimama naye hupumzika. Saa mbili baada ya maji kugeuka zina faida kuliko saa nne za kuzunguka ovyo. Upepo ukivuma kinyume cha mkondo kwenye mlango wa bandari, mawimbi huwa mafupi na yamesimama. Ukifika noti 20 namna hiyo, yaani kama kilomita 37 kwa saa, ahirisha na urudishe pesa. Mgeni atakayetapika tangu saa kumi na mbili asubuhi hatarudi mwaka ujao, wala hatamleta mwenzake.

Na watu hawatapiki boti ikiwa mbioni. Hutapika imesimama, ubavu ukiwa umelikabili wimbi, nao wameinama kufunga ndoana au kutazama simu. Dawa ya kichefuchefu inywewe saa moja kabla ya kuondoka, kwani ikinywewa mtu ameshapauka inatoka na kifungua kinywa. Mkate mkavu, tangawizi, kiti cha katikati kuelekea tezi mbali na moshi wa injini, macho kwenye upeo. Nanga ya kuelea ikifungwa omo, boti hugeuza uso kwenye wimbi na nusu ya tatizo inaisha.

Vibua huvuliwa kwanza, alfajiri, kwa mshipi wa vindoana vidogo sita vyenye manyoya uitwao sabiki. Kosa kubwa hapa ni tamaa. Tangi la lita 110 libebe vibua dazeni moja, si arobaini, maana kibua hapumui vizuri asipoogelea, na maji yasipozunguka mfululizo hufa ndani ya dakika chache. Tangi liwe la duara. Kwenye pembe hugonga pua mpaka zikawa nyekundu, na kibua mwenye pua nyekundu huogelea kivivu ndoanani. Wageni wasiwashike kwa mikono mikavu. Wapewe kifaa cha kunasulia, kibua adondoke tangini bila kuguswa.

Sasa ndoana, mahali ambapo safari nyingi huharibikia. Kwa chambo cha samaki, sheria inadai ndoana ya duara tangu 2021, na iwe ile ambayo ncha yake imekunjwa kulielekea shina bila kupindishwa pembeni. Iliyopindishwa pembeni huzama kooni, hivyo hairuhusiwi. Saizi ya 8/0 inamfaa kibua wa kawaida. Mtoboe mbele ya matundu ya pua, kuvuka, aburutwe polepole bila kuzunguka. Mbele ya mshipi wa kusuka wa ratili 30 funga futi tatu au nne za fluorokaboni, uzi mgumu wa plastiki, ya ratili 40 hadi 50, kwa sababu miamba ina kome na kome wanakata. Breki ya rili ipimwe kwa mizani ndogo ya kuning'iniza: kilo tatu na nusu hivi, robo ya nguvu ya mshipi. Wanaokaza kwa kukisia hukaza mno.

Ndoana ya duara hujifunga yenyewe kwenye kona ya mdomo samaki anapogeuka kuondoka. Kazi ya mvuvi ni kutofanya chochote. Mgeni aliyekulia kwenye mshipi wa mkono wa Bagamoyo au Lamu akihisi mguso tu hutikisa mkono juu, na kule kwao ni sawa kabisa. Hapa anamng'oa chambo mdomoni. Usimfundishe samaki akiwa tayari anavuta. Mfundishe gatini: funga mshipi kwenye kigingi, mpe rodi, rudi nyuma hatua kumi, mwambie ahesabu hadi tano huku mshipi ukitoka taratibu, afunge rili, aache uzito uje wenyewe, ndipo azungushe. Mara tatu. Kisha mwonyeshe sauti ya breki, na umwambie ikilia aache kuzungusha. Anayezungusha huku samaki anachukua mshipi hapati hata inchi. Anausokota tu, na fundo litatokea mtu mwingine akirusha. La mwisho ni rodi. Samaki akifika ubavuni, mgeni huinua rodi wima ili amwone. Rodi inakunjika juu ya theluthi ya mwisho, na hapo ndipo huvunjika. Rodi ibaki nyuzi 45, mgeni arudi nyuma hatua moja.

Kumpandisha kwa kulabu kumekatazwa. Tumia wavu wa mpira, kichwa kwanza. Straipa hana meno ya kukata, taya lake ni kama msasa, kwa hiyo kidole gumba kinaingia bila hofu. Cha kuogopa ni miiba ya mgongoni na ukingo wa kifuniko cha shavu, unaochana kiganja kama bati. Mkono mmoja uwe taya, wa pili tumboni, samaki alale. Ukimning'iniza wima, uzito wote unavuta taya na viungo vya ndani, na yule wa ratili 30 huenda akaogelea vizuri akafie mbali. Simu iwe imefunguliwa kabla samaki hajatoka majini. Sheria ya boti iwe moja: mpiga picha abane pumzi, na yeye akihitaji kupumua, samaki anarudi. Mrudishe akielekea kwenye mkondo ili maji yaingie mdomoni. Kumsukuma mbele na nyuma hakusaidii. Akibana kidole na kupiga mkia, mwachie.

Hata hivyo, kurudisha si sawa na kutoua. Wataalamu wanaosimamia samaki huyu hukadiria kwamba asilimia 9 ya wanaorudishwa hufa. Kundi la wanne likivua na kurudisha 30 asubuhi moja, limeua kama watatu ambao hakuna aliyewala. Ndiyo maana sipendi boti zinazojisifu kwa idadi. Kila mgeni akishapata wawili au watatu, badilisha mchezo: vua gayogayo wa chini mchangani, au waonyeshe mnara wa taa. Maji ya juu yakivuka nyuzi 21 za Selsiasi, mwezi wa Julai na Agosti kwenye ghuba zisizo na kina, straipa huchoka upesi na hafufuki kirahisi, na safari ya mchana wa namna hiyo heri ifutwe. Kurudisha samaki si jambo geni kwa watu wa pwani yetu. Boti za Watamu zimekuwa zikiwawekea sulisuli alama na kuwaachia kwa miaka mingi, na wageni hulipa vizuri tu.

Mipaka miwili iandikwe kwenye ramani ya boti kwa wino mwekundu. Wa kwanza ni maili tatu za bahari kutoka pwani: nje ya hapo ni maji ya shirikisho, na tangu 1990 kumvua straipa huko ni kosa, hata kwa nia ya kumwachia. Ndege watapiga mbizi nje ya mstari, mgeni ataonyesha kidole, nawe utakataa. Wa pili ni Mfereji wa Cape Cod, ambako watu huvua straipa wakubwa wakiwa kwenye mawe ya kando. Kuvua kutoka kwenye boti ndani ya mfereji hakuruhusiwi.

Kuna jambo moja linalowakasirisha wageni kuliko yote. Samaki wa inchi 33 akitoka damu kwenye matamvua na ni wazi atakufa, bado anarudi majini. Mgeni atasema ni ufujaji, na atakuwa na hoja. Mwambie hivyo mapema, kwa sababu leseni iliyo hatarini ni ya nahodha, na ubishi wa papo hapo mbele ya watoto hauna mshindi.

Anayeruhusiwa naye atunzwe. Mkate matamvua mara moja, damu itoke, kisha mzamishe kwenye barafu mbili kwa maji ya bahari moja, si juu ya barafu kavu inayogusa upande mmoja. Wakati wa kumpasua ondoa ile nyama nyekundu chini ya ngozi, ndiyo yenye ukali. Iliyobaki ni nyeupe na ngumu, haivunjiki kwenye mchuzi wa nazi. Kichwa mpe mgeni pia. Manahodha wengi hukitupa, na Mswahili wa Boston anayekitafuta sokoni analijua hilo kwa uchungu.

Ujumbe wa kuthibitisha nafasi, basi, ubebe haya: saa ya kuondoka kulingana na maji, samaki mmoja kwa mtu kama yupo wa kipimo, picha za waliobaki, pesa kurudi upepo ukizidi, bahashishi ya msaidizi ambayo Marekani huwa asilimia 15 hadi 20, na viatu vya soli nyeupe. Atakayeghairi baada ya kuusoma, mrudishie amana yake siku hiyo hiyo.