Wauza Maua Mgongoni

Pétion-Ville, kule mlimani juu ya Port-au-Prince, ukitaka picha huhitaji kuingia dukani. Picha hutundikwa ukutani barabarani, kutoka chini hadi juu. Nilikuwa Haiti kikazi mwaka 2008, na mimi nikaangukia picha ya kina mama wauza maua: vilemba vyekundu, vikapu kichwani, nyuso zisizo na macho wala pua. Hector Hyppolite, fundi aliyevuma huko miaka ya 1940, inasemekana alipaka rangi kwa manyoya ya kuku. Huyu wangu nadhani alitumia mwiko, maana kila ua lilikuwa limevimba.

Muuzaji alinipa maelezo marefu akinyooshea kidole jua. Krioli yangu ilikuwa ya kuombea maji tu, nikamwitikia: wi, wi, jua kali kweli. Akanitazama, akahesabu gourde zake, pesa za huko, akanyamaza.

Nikapanda tap-tap ya kushuka Delmas. Ni pikapu iliyorembwa kila mahali, ina mabenchi mawili yanayotazamana, na nafasi haijai hata ikijaa. Nikaipakata picha yangu, maua yakitazama nje ili vifungo vya shati visiyakwaruze. Akaingia mzee mwenye suti nyeupe pepe, akasimama katikati ameinama, mgongo kwangu. Dereva akakanyaga breki. Mzee akakaa.

Alipoinuka, habari ya jua nikaielewa. Wauza maua watatu walikuwa wamehamia kwenye koti lake, na kikapu kimoja kimeshukia makalioni. Mama mmoja aliyebeba maua halisi, yale yanayoteremshwa kutoka Kenscoff, akacheka hadi akashika nguzo. Mzee akajizungusha kutafuta mgongo wake. Hakuupata.

Nikaanza padon, padon. Gari zima likageuka baraza la wazee, na kijana aliyejua Kiingereza akawa mkalimani bila kuombwa. Mama wa maua ndiye aliyetoa hukumu: nilinunue koti. Nikaridhika, mpaka nilipotajiwa bei.

“Lakini hiyo inapita bei ya picha yenyewe!”

Mzee akalivua koti, akalinyoosha mbele ya abiria wote, akalikagua kwa utulivu kama karani wa mnada. Suruali, akasema, haiuzwi, anakwenda nayo harusini. Ama koti, bei haipungui: picha yangu haina mifuko.