Siku Niliyomkatia Mzee Maji

Mzee mwenye nyumba alitoka bafuni na leso ya mkewe kiunoni, povu limemtanda kuanzia utosini hadi kwenye ndevu, jicho moja limefumba. Akaniuliza, "Omera, maji umeyapeleka wapi?"

Maji yalikuwa yanashuka ukutani kama mvua ya Aprili. Elbo ya plastiki, ile kona ya bomba iliyo chini ya tangi lake, ilikuwa imepasuka vipande viwili, na pembeni, kwenye dimbwi, mpira wangu wa gofu ulikuwa unaogelea. Hapana, mpira wa gofu hauelei. Ulikuwa umezama, ila mimi niliona unaogelea kwa sababu ya hofu.

Kanuni zinasema mpira usizidi gramu 45.93. Ni mwepesi kuliko yai la kuku. Lakini ukitoka kwenye chuma namba 7, yaani fimbo ya gofu yenye kichwa cha chuma, na elbo imechomwa na jua la Kisumu miaka na miaka, uzito si hoja tena.

Nianze nilikokosea.

Nilikuwa na slaisi. Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, mpira unaanza safari vizuri, umeelemea kulia kidogo tu, wenzako tayari wanasema "shoti!", halafu huko mbele unakata kona kulia kama matatu iliyoona polisi. Sababu ni mbili zinazotegemeana: uso wa fimbo unatazama wapi unapogusa mpira, na fimbo yenyewe inapita njia gani. Mpira huanza karibu na kule uso unakotazama, kisha hujipinda ukiikimbia njia ya fimbo. Uso ukiwa wazi kulia kuliko njia, umepata slaisi. Sasa, jicho la mpigaji haliwezi kuona lipi kati ya hayo mawili ndilo bovu. Mpira unaonekana uleule.

Hilo sikulijua. Nilijua tu kwamba mwalimu wa klabu alitaka shilingi 2,000 kwa nusu saa, na kwamba simu yangu ina kamera.

Basi nikaiegemeza simu juu ya mtungi wa lita 20, nyuma yangu upande usio wa shabaha, kwenye mstari wa visigino, nikaielekeza kwenye mpira. Nikajirekodi. Nikatazama video polepole mara kumi na tano, nikaona kwa macho yangu fimbo ikishuka kutoka nje, yaani mbali na mwili, na kukata kuelekea kushoto. Nikajipa cheti cha udaktari papo hapo: njia ndiyo mbaya. Dawa: kupiga kutoka ndani kwenda nje. Nikabana taulo kwapa la kulia ili kiwiko kisitoroke, nikawa nazungusha fimbo, ndiyo swingi hiyo, mara 200 kila jioni bila mpira, nikiipeleka kulia kwa nguvu zote. Wiki mbili. Watoto wa ploti wakadhani nafyeka nyasi ambazo wao hawazioni.

Jumamosi ikafika siku ya mpira wenyewe. Nilitundika blanketi zito kwenye kamba ya nguo, na mbele yake chandarua cha mbu. Chandarua hakizuii mpira, kilikuwa cha kunipa moyo tu. Kazi inafanywa na blanketi, na lazima lining'inie likiwa limelegea. Ukilikaza kama ngozi ya ngoma, mpira unarudi ulikotoka. Najua kwa sababu ya ugoko wangu wa kushoto.

Blanketi lilikuwa na upana wa mita 1.8, nami nilisimama mita 4 kutoka hapo. Zamani, nikiwa na slaisi yangu ya kawaida, hapakuwa na hatari: slaisi haijipindi ndani ya mita 4, kila mpira ulikuwa unatua kwenye blanketi kwa adabu. Hesabu ambayo sikuipiga ni hii: mpira ukianza nyuzi 13 tu kulia kwa shabaha, unalikosa blanketi lote. Na mimi nilikuwa nimetumia wiki mbili nikiihamisha njia ya fimbo kulia, huku uso ambao tayari ulikuwa wazi ukihamia nayo. Yaani nilikuwa na ugonjwa mmoja, nikautibu kwa kuongeza wa pili.

Upande wa kulia, mita kama 15 mbele, ndiko kulikokuwa na tangi la Mzee. Chini ya tangi, bafu. Ndani ya bafu, Mzee, akiimba.

Paa! Shoti tamu sana, mikono haikutikisika hata kidogo. Nikabaki nimeinua fimbo begani kama kwenye picha za magazeti. Kisha nikasikia "ta!", kisha "shwaaa". Kisha wimbo ukakatika kabla ya kiitikio.

Mnaijua ile kanuni ya zamani ya Nyanza Club hapa Kisumu, kwamba mpira ukitua karibu na kiboko au mamba unaruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama bila adhabu? Niliikumbuka palepale. Haisemi chochote juu ya mzee mwenye povu.

"Jaduong', nisamehe," nilisema. "Nilikuwa natengeneza swingi."

"Kabla hujaitengeneza," akaniuliza, "ilikuwa inavunja nini?"

Hukumu ilitolewa akiwa bado na povu. Elbo mpya ya inchi 1, nusu mita ya bomba, gundi na fundi: juu yangu. Tangi lilikuwa la lita 1,000 na lilikuwa limejaa, na mfereji ulikuwa umekauka tangu Alhamisi, kwa hiyo maji ya mkokoteni: juu yangu pia. Lita 1,000 ni mitungi 50 ya lita 20. Mtungi wa kwanza kwenda kujazwa ulikuwa uleule uliobeba simu, na wote ulimwagiwa Mzee kichwani. Hukumu ya mwisho aliitoa kama mwalimu mkuu: "Na usiguse tena fimbo kwenye ploti yangu mpaka ulete barua kutoka kwa mwalimu wako." Nilikuwa sina mwalimu. Ilibidi nimtafute.

Mwalimu alinitazama nikipiga mipira mitatu. Hakusema kitu. Akaniomba glavu, akaigeuza, akaniwekea kidole kwenye tundu lililokuwa chini ya kiganja, upande wa kidole cha mwisho. Nilikuwa nimenunua glavu tatu mwaka huo, zote zikatoboka palepale, nikawa nawalaumu wenye duka.

"Fimbo unaishika kwenye kiganja, inasugua," alisema. "Ishike kwenye vidole."

Akanionyesha: fimbo ipite kimshazari kutoka pingili ya kati ya kidole cha shahada hadi chini ya kidole cha mwisho, nyama ya kiganja ikae juu yake, kidole gumba kidogo upande wa kulia. Nikitazama chini nione vifundo viwili vya mkono wa kushoto, si kimoja. Ile V ya gumba na shahada ielekee bega la kulia. Yangu ilikuwa inaelekea kidevuni. Kwa mshiko ule, uso ulikuwa unafika kwenye mpira ukiwa wazi kila siku ya Mungu. Njia yangu ya zamani? Ilikuwa karibu imenyooka.

Nikamwonyesha ushahidi wangu wa simu. Akauliza simu ilikaa wapi. Nilipotaja mtungi, akaketi kabisa ili acheke vizuri. Kamera ikikaa kwenye mstari wa visigino na kuelekezwa kwenye mpira, inatazama kulia kwa shabaha, kwa hiyo fimbo inayokwenda moja kwa moja itaonekana inakata kushoto. Kamera ikae kwenye mstari unaopita mikononi, sambamba na mstari wa shabaha, kwa kimo cha mikono. Mtungi wa lita 20 ulikosea mstari, na kwa kimo ulikuwa unarekodi magoti.

Mshiko mpya unaudhi. Unahisi umevaa viatu vya mtu mwingine. Mpira wa kwanza ulijipinda kushoto, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikataka kuupiga picha. Mwalimu akasema hiyo ni dawa yangu ya wiki mbili bado imo mwilini. Akanirudisha kwenye chuma namba 9, miguu imeungana, nusu swingi, mipira 20. Nyumbani: kushika na kuachia fimbo mara 50 huku natazama taarifa ya habari, na vijiti viwili vya ufagio sakafuni kupima miguu na mabega. Mshiko, msimamo, mahali pa mpira: hayo unaweza kuyakagua mwenyewe kwa kioo. Lakini ya uso na njia, mwombe mtu asiye wewe, na asiye mtungi.

Barua aliiandika nyuma ya kadi ya matokeo: "Mwanafunzi anaendelea. Nyumbani asitumie mpira." Mzee aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha ya risiti za kodi.

Tangu hapo, kila Jumamosi kabla ya kuoga, hunigongea mlango. "Omera, leo fimbo iko wapi?"

"Iko chini ya kitanda, Jaduong'."

Anaitikia kwa kichwa, kisha namsikia akijaza ndoo.