Iacheni migunga isimame malishoni

Wiki iliyopita, kwenye mkutano wa kijiji, mtaalamu aliyeletwa kutushauri alisema miti iliyo ndani ya ngitili, yaani malisho tunayoyafungia mifugo msimu wa mvua ili nyasi zibaki za kiangazi, inanyang'anya nyasi chakula. Ikatwe yote, tubaki na nyasi. Wazee kadhaa waliitikia kwa kichwa, na mimi nilirudi nyumbani na uchungu ambao haujanitoka.

Shinyanga hii? Hapa miti ilifyekwa enzi za mkoloni kuwatokomeza mbung'o, kisha yakaja mashamba ya pamba, mpaka watu wakawa wanatuita jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Kufikia 2004 zilikuwa hazipungui 350,000, katika vijiji 833. Na sehemu kubwa ya miti hiyo haikupandwa na mtu: mifugo ilizuiwa msimu wa mvua, visiki vikachipua vyenyewe.

Jumapili nilibeba jembe hadi ngitili ya baba. Mvua za kwanza zimenyesha, ng'ombe wametolewa juzi tu. Nilichimba kwanza pale peupe. Maji yalikuwa yameingia vidole viwili, chini yake udongo mkavu, mgumu kama tofali. Nikahamia chini ya mgunga, jembe likazama. Udongo mweusi, wa baridi, umelowa mpaka nilipoishia. Nyuzi nyeupe za kuvu zilikuwa zimeyashona pamoja majani yaliyooza. Palikuwa na mchwa, jongoo, na vishimo vya dundu waliokwisha kuzika kinyesi cha ng'ombe. Nikang'oa mche wa mgunga, nikapasua kwa ukucha kinundu kimoja cha mzizini: ndani chekundu kama nyama. Wekundu ule maana yake bakteria wako kazini, wanaivuta naitrojeni ya hewani na kuigeuza chakula cha mti. Majani yakipukutika na mizizi ikifa, nyasi nazo zinapata. Kuvu wengine, wanaoishi mizizini, wanapenya mahali mzizi haufiki, wanauletea mti fosfora na maji, nao unawapa sukari. Ng'ombe akija kupumzika kivulini anaacha samadi na mkojo palepale. Mfuko wa mbolea ya yurea unaleta naitrojeni, lakini hauleti kuvu, hauleti dundu, wala hauzuii jua la Septemba kuukausha udongo na vyote vilivyomo.

Nakubali kwamba miti ikisongamana nyasi hukosa mwanga. Basi tupogoe, tupunguze, kama wazee walivyofanya siku zote. Na ng'ombe wakizidi, hakuna mti utakaoiokoa ardhi iliyokanyagwa mpaka ikawa sakafu. Lakini kupogoa ni kazi ya panga na nusu siku. Mgunga ulioangushwa baba hatauona tena ukiwa mkubwa vile.

Kikao kinaendelea Jumatatu. Nitakwenda na ndoo mbili, udongo wa shimo hili na wa shimo lile, na nitawaomba wazee watie mikono humo kabla hatujapiga kura.