Deraya na Roboti: Kuchonga Kwanza au Kujenga Poligoni Kwanza?

Miongoni mwa wanaounda wahusika wa kidijitali wenye maumbo magumu, yaani roboti na askari waliovaa deraya, kuna ubishi usiokwisha: je, umbo lichongwe kwa brashi za kompyuta kama udongo wa mfinyanzi, au lijengwe poligoni kwa poligoni, yaani kwa vipande bapa vidogo vinavyoungana kuwa uso, tangu mwanzo? Kila upande una hoja nzito, ingawa kwa maoni yangu ubishi wenyewe hurefushwa na mazoea ya kumwamulia mhusika mzima kwa pamoja, badala ya kuamua sehemu kwa sehemu.

Wanaotetea uchongaji wana haki. Roboti, tofauti na gari, ana mkao na uzito, na mambo hayo humdhihirikia mapema anayesukuma na kuvuta umbo zima kuliko anayepanga nukta moja moja. Tangu zana ya DynaMesh ilipoingia katika ZBrush, programu ya uchongaji wa kidijitali, mwaka 2011, mchongaji anaweza kupanua bega, kukata kiuno na kuunganisha vipande bila kujali mpangilio wa wavu, yaani poligoni zote zilizoungana kuunda umbo, kwa kuwa programu huusuka upya kila anapoiagiza. Live Boolean, zana nyingine ya ZBrush ya mwaka 2017, ikaongeza uwezo wa kutoboa matundu na kuchimba mifereji kwa umbo jingine, huku matokeo yakionekana papo hapo. Mjenzi wa poligoni hufanya majaribio ya namna hiyo shingo upande, kwa sababu kila badiliko humlazimu apange upya kingo alizokwisha kuzitolea jasho.

Hata hivyo, uhuru huo una gharama, nayo hujitokeza kwenye mng'ao. DynaMesh husuka wavu kwa gridi ya vipimo sawa, hivyo ukingo unaoikata gridi hiyo kimshazari hutoka na vijimeno. Kuongeza msongamano wa poligoni huvipunguza ukubwa, lakini hakuviondoi. Brashi za kusawazisha kama hPolish husaidia kwa kiasi. Bamba la kifua linalopendeza chini ya rangi ya kijivu isiyong'aa, likivishwa chuma king'aavu, huumbuka: mstari wa mwanga uliopaswa kuteleza bila kukatika kutoka begani hadi mbavuni huanza kuyumba kila mkono wa mchongaji ulipositasita.

Poligoni nazo hazina huruma. Mchemraba wenye nyuso 6, ukigawanywa mara 5 kwa kanuni ya Catmull na Clark ya mwaka 1978, ambayo hugawa kila uso na kuulainisha, huwa na nyuso 6,144 na kukaribia umbo la tufe, isipokuwa kingo zake zikazwe au zisindikizwe na mistari ya ziada. Mistari hiyo ikisongamana kuzunguka tundu lililo kwenye uso uliopinda, uso hujikunja na mng'ao huharibika vilevile. (ZModeler, zana ya kujenga poligoni iliyoletwa ndani ya ZBrush mwaka 2015, imefanya kambi hizi mbili zisitengane sana kama zinavyojidai.)

Kwangu mimi, kipimo ni mwendo. Bamba gumu lililofungwa kwenye mfupa mmoja wa kiunzi cha kidijitali kinachomwendesha mhusika halipindi, kwa hiyo wavu uliovurugwa na ukataji unaweza kuvumiliwa katika modeli nzito, yenye poligoni nyingi mno, mradi maelezo yake yahamishiwe kwa ramani ya nomali, yaani picha inayoufanya mwanga uonyeshe mikwaruzo na mifereji isiyojengwa, kwenye modeli nyepesi iliyopangwa vizuri. Mpira wa shingoni na kitambaa cha kiwikoni havina msamaha huo. Hapo mistari ya wavu lazima ifuate mkunjo.

Hatari wanayoisahau wengi katika kambi zote mbili ni mgongano wa mabamba. Mhusika huchongwa akiwa amesimama, mikono imeachana kidogo na mwili, na katika mkao huo bamba pana la bega huonekana la fahari; mkono ukiinuliwa, linazama shavuni. Kosa hilo ni la usanifu, na wavu safi hauwezi kulirekebisha. Ndiyo maana naona uchongaji wa haraka unastahili kutangulia, lakini mchongo huo mbichi ufungwe kwenye mifupa ya majaribio na kuinuliwa mikono kabla mtu hajaanza kujenga mabamba ya mwisho.