Clinton Walimfukuza, Mfereji Wakaumaliza

Jumapili nilipita Lockport, magharibi mwa jimbo la New York, nikaona mashua ikipandishwa mlima. Inaingia kwenye chumba cha zege, milango inafungwa nyuma yake, maji yanaachiliwa kutoka juu. Mzee aliyeshika usukani, ambaye mwanzoni nilimwona utosi tu, baada ya muda tukawa tunatazamana ana kwa ana. Akanipungia mkono.

Huo ndio Mfereji wa Erie, unaounganisha Ziwa Erie na Mto Hudson. Uhandisi wake ni raha kuutazama, lakini kilichonichoma ni siasa zake. Machi 1817 Rais Madison alikataa kutia saini mswada wa fedha za barabara na mifereji, jimbo likaamua kukopa lenyewe. Wapinzani wakaubeza mfereji, wakauita mtaro wa DeWitt Clinton, mwanasiasa aliyeupigania na aliyewahi kuwa gavana wa jimbo. Ila Martin Van Buren, hasimu wake kisiasa, alisimama katika seneti ya jimbo akautetea. Mwaka 1824 kundi la Van Buren likamtimua Clinton kwenye tume ya mfereji. Uchimbaji ukaendelea! Wananchi kwa hasira wakamrudisha ugavana, na Oktoba 1825 akaufungua: kilomita 584, kazi ya miaka minane.

Kwetu? Soko letu lina paa upande mmoja tu, kwa sababu upande wa pili ulikuwa ahadi ya gavana aliyeshindwa. Kina mama mboga wananyeshewa chini ya bango la mradi.

Haya, najua mnakuja: "Umepanda ndege juzi, leo unatufundisha." Tulieni. Sijasema hawa ni malaika. Mfereji ulipita kwenye ardhi waliyopokonywa Wahaudenosaunee, wenyeji wa asili wa huko, na vibarua, wakiwemo wahamiaji kutoka Ireland, waliugua malaria kwenye vinamasi vya Montezuma. Naam, malaria, New York.

"Wao walikuwa na pesa." Si nimesema walikopa? Kama dola milioni 7, na deni wakalilipa kwa ushuru wa mashua. "Walikuwa na wataalamu." Wapi! Benjamin Wright na James Geddes walikuwa wapima ardhi na mahakimu, hawajawahi kujenga mfereji wa aina hiyo. Sisi tuna wahandisi wenye shahada, vijana wakali kweli, wanaoendesha bodaboda.

Kwa hiyo kwenye uchaguzi wa 2027 mheshimiwa akija na michoro ya mradi mpya, kabla hamjapiga vigelegele, muulizeni lile paa la soko linamngoja nani.