Picha Saa Tatu, Kibofu Kilekile

Mniwie radhi wapenzi wa sinema, lakini leo lazima niseme. Mimi sina ugomvi na stelingi. Stelingi apigwe risasi saba, ainuke, ajipanguse vumbi, sawa. Adui ashike bastola halafu badala ya kufyatua aanze kuhutubia mpaka stelingi amalize kufungua kamba, sawa pia, hayo tumeyazoea. Ugomvi wangu ni na yule aliyeamua kwamba picha ikiwa chini ya saa mbili na nusu, watu watadhani mwongozaji alikuwa anawahi harusi.

Picha zimerefuka, jamani. Kibofu changu hakijarefuka. Kwanza kila nikiongeza mwaka, chenyewe kinapunguza.

Nina shemeji, mdogo wake mke wangu, mgonjwa wa sinema. Huyu bwana anajua nani kashika kamera, nani katunga muziki, na lenzi ilitoka wapi. Tukitoka ukumbini haniulizi kama nimeipenda. Ananiuliza, "Shem, umeuona ule mwanga?" Mwanga gani? Mwanga pekee niliouona ni wa ile taa ya mlango wa kutokea. Taa ile nimeitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama stelingi yeyote.

Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye Avatar: The Way of Water, mwaka 2022. Dakika 192. Sasa mtu mwenye huruma, akiamua kutengeneza picha ya saa tatu na ushei, angetafuta kisa cha jangwani. James Cameron kachagua maji. Maji yanatiririka kushoto, yanabubujika kulia, wimbi linapasuka nyuma ya kisogo chako, maana siku hizi spika zimefungwa mpaka darini. Ukivaa ile miwani ya 3D unaona kabisa yanakuja magotini. Na mimi mapajani nina soda ya ukubwa wa ndoo ya kudekia, kwa sababu kijana wa kaunta aliniambia kubwa ina nafuu kuliko ndogo. Nafuu ya nani?

Kuna mahali watoto wa stelingi wanafundishwa kuzama. Binti anawaelekeza: tulizeni moyo, pumueni taratibu, pumzi itoke tumboni. Nikafuata mafunzo hayohayo pale kwenye siti. Wao wanabana pumzi, mimi nabana kingine. Kwa nusu dakika hivi yalinisaidia.

Kibofu cha mtu mzima kikijaa hubeba kama nusu lita. Ile ndoo ilikuwa lita nzima. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la pili anajua haiingii.

Mtu atasema, si uinuke uende? Ndugu yangu, shemeji hukata siti za katikati. Katikati ya mstari wa katikati, eti ndipo sauti zote zinapokutana. Kutoka pale ni lazima uvuke magoti ya watu kumi na moja, na hapo linakuja swali ambalo hakuna aliyewahi kunijibu: uwape uso au mgongo? Ukiwapa mgongo, unawawekea wenzako mandhari ambayo hawakuyalipia. Ukiwapa uso, unajikuta macho kwa macho, umbali wa shubiri, na mtu usiyemjua aliyevaa miwani myeusi na mashavu yamejaa bisi. Samahani. Samahani kaka. Samahani dada, hicho kilikuwa kidole? Samahani tena.

Na kurudi ni balaa kuliko kutoka. Umetoka kwenye mwanga, umeingia gizani, mistari yote ni mmoja. Siku ile nilihesabu vizuri, nikapapasa, nikakaa, nikanyoosha mkono nikachota bisi, nikatafuna. Nikachota mara ya pili. Ndipo nikasikia sauti ya mama wa makamo, ya upole kabisa: "Karibu, baba."

Mwaka uliofuata akaniburuta kwenye Oppenheimer, ile ya mwanasayansi wa bomu la atomiki. Wiki nzima ananipa darasa: Shem, hii imepigwa kwa IMAX, mkanda wenyewe una upana wa milimita 70, ukiunyoosha wote unafika kama kilomita 18, uzito wake kilo 270 hivi. Nikamwuliza, katika kilomita 18 zote hizo hakuna kituo hata kimoja cha kuchimba dawa? Akaniangalia kwa huzuni, kama mtu aliyemwoza dada yake mahali pabaya.

Picha likaanza. Safari hii sikununua soda, nimejifunza. Lakini saa mbili za wanaume wenye tai wakibishana na kuhojiwa kwenye kijichumba zinatosha kumjaza mtu hata kama hajanywa kitu. Nikavumilia. Tukafika jangwani New Mexico, Julai 1945, bomu liko juu ya mnara, na mara mvua, upepo, radi. Wanajadiliana kama waahirishe. Nikasema hawa nawajua, wataahirisha, huu ndio upenyo wangu. Nikachomoka. Samahani, samahani, samahani.

Nimesimama pale natazama vigae, ukumbini kukawa kimya. Kimya, hata muziki hakuna. Nikashukuru, nikajua bado wanasubiri mvua ikatike. Kumbe ndiyo lenyewe! Christopher Nolan kaamua mlipuko uonekane kwanza bila sauti, moto mtupu unapanda, na kishindo kifuate baadaye, kama inavyomtokea kweli mtu aliyesimama mbali, kwa kuwa mwanga huwahi na sauti hubaki njiani. Mimi kile kishindo kilinikuta nanawa mikono. Kioo kikatetemeka. Nikarudi mbio, nikamkuta shemeji macho yamelowa.

"Umeona?"

"Nimesikia," nikamwambia.

Hakunisemesha mpaka tukafika nyumbani.

Hivi nani alituondolea haftaimu? Mpira dakika 90 una mapumziko, na wale wachezaji hata soda hawajapewa. Ndugu wawili Lumière walipowaonyesha watu picha kwa kiingilio pale Paris, tarehe 28 Desemba 1895, walikuwa na vipande kumi, kila kimoja chini ya dakika moja. Watu wakashangaa, wakapiga makofi, wakaenda zao. Hakuna aliyekunja miguu. Zilipokuja kurefuka, walau wenyewe walikuwa na ubinadamu: Gone with the Wind ya 1939 inakaribia saa nne, lakini katikati taa zinawashwa, watu wanakwenda wanakokwenda. Wahindi mpaka leo hawajaacha. Kwao hata picha ya Hollywood ikifika katikati inasimamishwa, na mwandishi wa Kihindi huandika kabisa kisa chake kiwe na kishindo kabla ya mapumziko. Hao ndio watu wanaojua mwanadamu ameumbwaje.

Huku kwingine ukiomba mapumziko unaonekana mshamba. Ilipotoka Killers of the Flower Moon ya Martin Scorsese, dakika 206, kumbi kadhaa zilijaribu kuikata katikati watu wajinyooshe. Wenye picha wakaja juu, zikaambiwa ziache. Nami siipondi ile picha. Yule dada Lily Gladstone anakaa tu, anamtazama mumewe, hasemi neno, na wewe unajua anajua. Kuna kimya kile huwezi kukipata kwenye simu. Lakini dakika 206! Hata shemeji, ambaye haumwi, niliona anatingisha goti.

Ndiyo maana namheshimu Brady Corbet. The Brutalist yake ya 2024 ina saa tatu na nusu na zaidi, lakini ndani ya hizo kuna dakika 15 za mapumziko, na pale kwenye kioo zinahesabika kurudi nyuma juu ya picha ya harusi, ujue umebakiwa na ngapi. Nikaenda. Nikarudi. Nikajinyoosha mgongo. Nikabakiwa na dakika saba, nikaenda tena kwa raha tu. Watu hawafahamiani lakini kwenye foleni ya msalani tunachambua picha kama kamati. Mzee mmoja akasema yule mhusika mkuu atakuja kuadhirika na tajiri yule. Tukamkubalia wote. Kipindi cha pili nilikiangalia kwa akili timamu kuliko picha yoyote ya miaka kumi iliyopita. Shemeji akaniuliza kama nimeuona mwanga, nikamwambia nimeuona, na kweli niliuona.

Wicked sasa. Ile mlivyonifanyia sijasahau. Jukwaani ni mchezo mmoja, una sehemu mbili, katikati mapumziko mafupi. Wakaja kuitengenezea picha, wakaifikisha palepale pazia linaposhuka jukwaani, dada wa kijani kapaa kwenye ufagio anaimba mishipa imemtoka, halafu basi, kwaherini. Hiyo ilikuwa Novemba 2024. Sehemu ya pili imetoka Novemba 2025. Yaani tumelilia mapumziko miaka yote, siku ya kutupa wametupa ya mwaka mzima! Kwa mapumziko yale ningeweza kujenga choo.

Kuna mtu alinielekeza programu ya simu iitwayo RunPee, inakuonyesha sehemu za picha ambazo ukitoka hukosi kitu. Wazo zuri. Tena unaweza kuitega ikutetemekee mfukoni wakati ukifika. Kibofu kimejaa pomoni, halafu unamtetemesha mtu paja.

Na msidhani majina yakianza kupanda ndiyo umekombolewa. Tangu Iron Man ya 2008 watu wa Marvel walitufundisha kwamba baada ya majina kuna kipande kimefichwa, ukitoka mapema umekosa. Kwa hiyo Avengers: Endgame, 2019, dakika 181, nimekaa. Stelingi kafa, watu wanalia, mimi nalia pia ila kwa sababu zangu. Majina yanapanda. Fundi taa. Msaidizi wa fundi taa. Dereva. Mpishi. Maelfu ya watu, na kila mmoja wao nina hakika alipewa ruhusa ya kwenda msalani kazini. Shemeji kanishika mkono: subiri, Shem, subiri. Nikasubiri mpaka nembo ya mwisho. Ikasikika nyundo inagonga chuma. Ngo, ngo, ngo. Taa zikawashwa. Nyundo tu! Shemeji anasema ina maana kubwa, ndiyo sauti ya stelingi alipoanza kuchonga vazi lake la chuma kwenye ile Iron Man ya kwanza. Sikumsikia vizuri, nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Mke wangu kachoka na malalamiko. "Si usubiri ije mtandaoni, uangalie hapa nyumbani, ukibanwa unaisimamisha?" Nimejaribu, mama watoto ni shahidi. Nyumbani nasimamisha niende, nikirudi nakuta simu inaita, nikimaliza simu kuna mtoto na daftari, nikikaa nalala. Kuna picha moja nimeianza wiki tatu zilizopita na stelingi bado hajatoka kitandani. Na mlipuko kwenye runinga ya nyumbani hautetemeshi kioo cha mtu.

Juzi shemeji kapiga simu. Sauti tu ilinitosha kujua. Tuna Avatar ya tatu, Shem, tiketi nimeshakata. Nikamwuliza dakika ngapi. Akakohoa. Ya kwanza, ile ya 2009, ilikuwa 162; ya maji 192; hii 197. Siti wapi? Katikati, Shem, unajua sauti zinavyokutana.

Nikamwuliza, na hii inahusu nini?

"Moto na majivu," akasema.

Nikamwambia afadhali, nipitie saa kumi.